Mbunge Alitumwa na Nani? Historia ya Orodha za Wagombea Katika Katanga

   

Siku moja, katika mafundisho yetu juu ya haki za raia, mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa kaskazini aliinuka akaniuliza hivi: “Mwanangu, wewe uliyesoma sheria, hebu nielezee. Tulimpigia mtu kura. Tulipokimbia, hatukumwona. Tulipomtumia habari, alijibu kwamba anangojea neno la mkubwa wa chama chake. Sasa, mtu huyu alitumwa na sisi ao alitumwa na chama?”

Nilimwambia: “Mama, ulizo lako ni kubwa kuliko saa tuliyo nayo.” Leo nataka kumjibu, yeye na wengine wote wenye ulizo kama lake. Na ili tumjibu vizuri, lazima turudi nyuma, tutazame namna wagombea, wale tunaowaita makandida, walivyochaguliwa katika Katanga yetu tangu mwanzo.

Neno la kwanza la kukumbuka ni hili. Kabla ya siku ile ya kupiga kura, kuna uchaguzi mwingine unaofanyika bila sanduku na bila washuhuda. Ni siku ile chama kinapoandika majina kwenye orodha. Raia huchagua kati ya majina aliyoletewa. Jina lisiloandikwa, hata likiwa la mtu mwema namna gani, halipati kura. Kwa hiyo mbunge ana mabwana wawili: yule aliyemwandika na yule aliyempigia kura. Historia yetu inaonyesha ni nani kati ya hao wawili aliyeogopwa zaidi.

Tuanze na mwaka wa 1957. Mwezi wa Desemba mwaka ule, Wabelgiji waliruhusu kwa mara ya kwanza uchaguzi wa makomini katika miji mitatu: Léopoldville, Jadotville, yaani Likasi ya leo, na Élisabethville, yaani Lubumbashi hii yetu. Wanaume peke yao ndio waliopiga kura. Vyama vya siasa vilikuwa havijapata nguvu. Watu walimchagua mtu waliyemjua kazini, kanisani, ao katika umoja wa watu wa asili moja. Matokeo yalipotoka, wengi wa waliopewa kuongoza makomini ya Waafrika hapa mjini walikuwa watu ambao asili yao haikuwa Katanga ya kusini. Hawakuwa wameiba kitu. Walikuja kufanya kazi ya migodi, ya gari la moshi na ya ofisi, na walikuwa wengi katika makomini. Lakini wenyeji wengine walisikia uchungu, wakasema: “Tumekuwa wageni kwetu.” Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba 1958, Conakat ilizaliwa.

Hapo ndipo orodha ilipoanza kuandikwa kwa asili. Kulikuwa Conakat ya Moïse Tshombe. Kulikuwa Balubakat ya Jason Sendwe, iliyoungana na Fedeka ya watu wa Kasai na Atcar ya Watshokwe. Umoja huo uliitwa Cartel. Katika uchaguzi wa Mei 1960, Baraza la jimbo la Katanga lilikuwa na viti 60. Conakat ilipata 25, Cartel ikapata 23, na viti vilivyobaki vikaenda kwa wengine. Tazameni namna pande mbili zilivyokaribiana. Sheria ilidai theluthi mbili za wajumbe wawepo ili serikali ya jimbo ichaguliwe. Watu wa Cartel walitoka katika Baraza ili kuzuia. Ndipo mwezi wa Juni 1960 bunge la Ubelgiji likabadili ile sheria, na Conakat ikaunda serikali. Tarehe 11 Julai 1960 Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Wazee wetu wanajua yaliyofuata kaskazini: vijiji vilichomwa, na watu wakakimbia.

Sisemi kwamba orodha za wagombea ndizo zilizoleta vita peke yake. Kulikuwa na mali ya shaba, kulikuwa na mkono wa wakoloni. Ninasema hivi: mjumbe aliyeandikwa kwenye orodha kwa sababu ya asili yake hakuwa na nafasi ya kusikilizana na mjumbe wa upande mwingine. Kama angepatana naye, wale waliomwandika wangemwita msaliti. Mtu wa namna hiyo anaitwa mjumbe, lakini amefungwa mikono.

Kisha kukaja wakati wa pili, wakati wa orodha moja. Mobutu alichukua utawala tarehe 24 Novemba 1965, na mwaka wa 1967 akaunda chama cha MPR. Novemba 1970 watu waliitwa kuchagua wabunge 420. Ofisi ya Siasa ya chama ilikuwa imekwisha kuandika majina 420. Mpiga kura alipewa kadi mbili: ya kijani, iliyoitwa tumaini, na nyekundu, iliyoitwa fujo. Hakukuwa na jina lingine la kuchagua. Mwaka wa 1975 hata kadi ziliondolewa: majina yalisomwa mbele ya watu, na watu wakapiga makofi. Baba yangu aliniambia kwamba siku ile alipiga makofi kwa jina ambalo hakulisikia vizuri.

Mwaka wa 1977, baada ya vita ya Shaba, Mobutu alilegeza kidogo. Wagombea wengi ndani ya chama kimoja waliruhusiwa kushindana. Ni katika bunge lile watu walianza kusikia wabunge wakiuliza serikali maulizo magumu juu ya mali ya inchi. Hiyo si ajabu. Mbunge aliyeshindana na wenzake mbele ya raia alijua kwamba ana deni kwa raia. Lakini mamlaka haikupenda. Mwaka wa 1980 iliundwa Kamati Kuu ya chama, na nguvu za bunge zikapunguzwa. Mwezi wa Novemba mwaka uleule wabunge kumi na watatu, kati yao Étienne Tshisekedi, Ngalula na Kibassa Maliba, ambaye ni mtu wa Katanga, walimwandikia Mobutu barua ndefu ya kurasa zaidi ya 50. Walikamatwa, wakanyang'anywa viti vyao. Katika uchaguzi wa 1982 wagombea walipaswa kwanza kukubaliwa na Kamati Kuu.

Hapo somo ni lingine. Orodha ya asili ilimfanya mbunge kuwa askari wa kabila lake. Orodha ya mkubwa mmoja ilimfanya mbunge kuwa mtumishi wa mkubwa. Katika nyakati zote mbili, mama aliyeniuliza ulizo angebaki bila jibu.

Wakati wa tatu ni mgumu kuusimulia, kwa maana wengi kati yenu mliuona kwa macho. Mimi nilikuwa mtoto mchanga. Ninausimulia kwa vinywa vya wazazi wangu. Aprili 1990 Mobutu alikubali vyama vingi. UDPS na UFERI zilikuwa kwanza pamoja katika upinzani. Mwishoni mwa 1991 Nguza Karl-i-Bond wa UFERI alikubali kuwa waziri mkuu wa Mobutu, na urafiki ukavunjika. Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Tshisekedi mahali pake. Mmoja alikuwa mtu wa Katanga, mwingine mtu wa Kasai. Shindano la wakubwa wawili juu ya kiti kimoja huko Kinshasa likashuka katika avenyu zetu. Hapa Lubumbashi, Likasi, na baadaye Kolwezi, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba na kazi zao. Familia nzima zililala kwenye gare ya Likasi na ya Kolwezi zikingojea gari la moshi. Wengine walizaa pale. Wengine walifia pale. Waliohama walikuwa mamia ya maelfu.

Sasa sikilizeni. Tangu uchaguzi wa 1987 mpaka ule wa 2006, miaka 19, raia wa inchi hii hawakuchagua mbunge hata mmoja. Vyama vilizaliwa kwa mamia, lakini hakuna chama kilicholazimika kuwauliza wanachama wake: “Tumpeleke nani?” Wakubwa walitajana wao kwa wao. Na mkubwa asiyechaguliwa na wanachama, akitaka kuonyesha nguvu zake, ana njia moja iliyo rahisi: kuita watu wa kwao. Hapa ndipo mambo ya chama yanapogusa amani ya jirani na jirani.

Tufike kwenye wakati wetu. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 101, inasema kwamba wagombea wa ubunge wa taifa wanaletwa na vyama ao na miungano ya vyama, na mtu anaweza pia kusimama peke yake. Kifungu hichohicho kinasema kwamba mbunge ni wa taifa zima, na kwamba hakuna mtu anayeweza kumfunga kwa amri kuhusu kura yake bungeni. Lakini kifungu cha 110 kinasema kwamba mbunge anayeacha chama chake kwa kupenda, katikati ya muda wake, anahesabiwa kuwa ameacha na kiti.

Ndugu, wekeni vifungu hivi viwili kando kwa kando. Kimoja kinamwambia mbunge: “Wewe ni huru.” Kingine kinamwambia: “Ukitoka katika nyumba ya chama, unatoka bila kiti.” Kusudi la hicho cha pili ni zuri, kwa sababu linazuia watu wanaochaguliwa upande huu na kuuza kura zao upande ule. Lakini chombo hicho kina makali pande mbili. Majirani zetu wa inchi ya Kenya walikiona mapema. Mwaka wa 1966 Oginga Odinga na wenzake walipoiacha KANU, sheria ilibadilishwa mbiombio, na wabunge 29 wakalazimishwa kurudi kwa wapiga kura. Chama chao kipya kilipata viti 9 tu.

Kwetu, tuliona mambo ya namna hiyo mwaka wa 2015. Mwezi wa Septemba vyama saba, vilivyoitwa G7, viliandikia Rais Joseph Kabila vikimwomba aheshimu mwisho wa muda wake. Kati yavyo kulikuwa UNAFEC ya Gabriel Kyungu na UNADEF ya Charles Mwando Nsimba, vyama vyenye mizizi hapa Katanga. Vilifukuzwa katika muungano wa watawala. Kisha ndani ya vyama hivyo wengine wakabaki na watawala, wakidai kwamba wao ndio wenye chama. Hebu mjiulize: chama kikigawanyika mara mbili, na kila upande una jina lilelile, ni mbunge gani aliyetoka, na ni yupi aliyebaki? Anayejibu ulizo hilo ndiye mwenye kiti mkononi. Naye si mpiga kura.

Miaka mitano baadaye tuliona kinyume chake. Desemba 2020 Rais Félix Tshisekedi alivunja urafiki wake na FCC, muungano wa Kabila, uliokuwa na wabunge zaidi ya 300 kati ya 500. Tarehe 10 Desemba wabunge 281, juu ya 200, walimwondoa Jeanine Mabunda kwenye uongozi wa bunge. Mwezi uliofuata 367 walimwangusha waziri mkuu Ilunga Ilunkamba. Wengi walihama upande bila kupoteza kiti, wakishika kifungu cha 101. Kifungu cha 110 kilionekana kama panga linalotolewa siku fulani na kufichwa siku nyingine.

Sasa nieleze namna orodha yenyewe inavyofanya kazi, kwa sababu wengi wanadanganyika hapa. Tuseme mahali fulani pana viti 4 na kura 100,000. Kiti kimoja kinalingana na kura 25,000. Orodha ya kwanza inapata 40,000, ya pili 30,000, ya tatu 20,000, ya nne 10,000. Ya kwanza inapata kiti, na 15,000 zinabaki. Ya pili inapata kiti, na 5,000 zinabaki. Viti viwili vilivyosalia vinapewa masalio makubwa zaidi, yaani orodha ya tatu yenye 20,000 na ya kwanza yenye 15,000. Basi orodha ya kwanza ina viti viwili, na wanaingia wawili waliopata kura nyingi ndani yake. Tuseme hao walipata 14,000 na 10,000, naye mbunge wa zamani akapata 9,000. Huyo anarudi nyumbani, na mtu wa orodha ya tatu mwenye 8,000 anaingia bungeni.

Mnaona? Adui wa kwanza wa mbunge anayeketi si chama kingine. Ni yule aliyeandikwa pamoja naye. Mkubwa wa chama akichoka naye, hana lazima ya kumfukuza. Anamwandikia tu pembeni mwake mtu mwenye pesa ao mwenye ukoo mkubwa. Zaidi ya hayo, tangu uchaguzi wa 2018 orodha isiyofikisha sehemu 1 kwa 100 ya kura za inchi nzima haipati kiti, hata kama mtu wake amependwa sana kwao. Na sheria ya 2022 inadai chama kilete wagombea kwa viti visivyopungua 60 kwa 100. Kwa hiyo vyama vidogo vinakimbilia miungano mikubwa, na mwenye muungano ndiye anayegawa nafasi. Na wanaotaka nafasi ni wengi: mwaka wa 2006 wagombea walikuwa zaidi ya 9,000 kwa viti 500, mwaka wa 2023 walikuwa zaidi ya 25,000.

Mambo hayo yanazaa nini kwa mbunge anayeketi? La kwanza, macho yake yanatazama juu, kwa mwenye orodha, si chini kwa ninyi mnaolala chini ya mahema. La pili, uchaguzi ukikaribia anaanza kutafuta chama kipya, na kazi ya bunge inalala. La tatu, nalo ndilo ninaloliogopa zaidi: akiachwa nje ya orodha, anarudi kijijini ao katika kartie na kusema, “Wageni wametunyang'anya.” Hasemi kwamba mkubwa wake alimkata. Anaona haya. Hasira ya chumba cha chama anaitupa juu ya jirani yenu. Ndugu, maneno ya “wenyeji” na “waliokuja” tuliyasikia mwaka wa 1958 na mwaka wa 1992. Tunajua yanapofika.

Je, dawa ni nini? Wengine wanasema wanachama wote wapige kura ya kumchagua mgombea. Ni vizuri, lakini hata hiyo inaweza kuharibiwa. Kenya, mwaka wa 1988, wanachama wa KANU walipanga mistari nyuma ya wagombea wao, kazi iliyoitwa mlolongo, na aliyepata zaidi ya 70 kwa 100 alipita bila kura ya siri. Mahali pengine mstari mfupi ulitangazwa kuwa mshindi. Tanzania, mwaka wa 2020, CCM ilipiga kura za maoni na kuzihesabu mbele ya watu, lakini kikao cha juu kilibaki na neno la mwisho, na mahali pengine aliyeongoza hakuteuliwa. Hata hivyo kuna faida moja: pale watu waliona hesabu, walijua ni nani aliyekatwa na ni nani aliyemkata. Hasira ikajua mlango wake, haikwenda kwa jirani.

Kwa hiyo ninawaomba mambo matatu. Machifu na wakubwa wa kartie, mgombea akija kuomba baraka, mwulizeni mbele ya watu: “Chama chako kilikuchagua namna gani? Nani alikuwapo? Wengine waliotaka nafasi ni akina nani, na mmepatana nao?” Asiyeweza kujibu, asipewe ua wenu kwa mkutano wake. Sheria ya vyama ya mwaka wa 2004 inakataza chama kujifanya cha kabila ao cha jimbo moja. Mna haki ya kumkumbusha.

Ninyi mlio wanachama wa vyama, ombeni mkutano wa tawi kabla orodha haijapelekwa CENI, na muandike majina na hesabu kwenye karatasi yenye sahihi. Wale wasioandikwa waambiwe sababu uso kwa uso.

Nanyi ndugu mliohama, msiseme kwamba mambo haya si yenu. Mwaka wa 2023 watu wa Masisi na Rutshuru hawakupiga kura kwa sababu ya vita. Wanajua uchungu wa kukosa hata mtu wa kumlaumu. Kama mna mbunge, mwandikieni barua. Andikeni pia kwa supleyan wake, kwa maana naye alichaguliwa pamoja naye. Na mtu akija kuwaambia kwamba mlikimbia kwa sababu ya kabila la jirani, mwulizeni kwanza alikatwa katika orodha gani.

Mama uliyeniuliza, jibu langu ni hili. Kwa sheria, mbunge alitumwa na taifa zima, na wewe umo ndani. Kwa desturi yetu ya tangu zamani, alitumwa na yule aliyeandika jina lake. Desturi hiyo ilianza siku tulipoacha kuuliza. Itaanza kuisha siku tutakapouliza sote, katika kila komini na kila kijiji, bila matusi na bila mawe, mpaka wajibu.

 Muwe na amani nyumbani mwenu, na wale wasio na nyumba wapate kurudi makwao.